Nyuzi Nyingi, Kitu Kimoja

Zipo kasoro za kompyuta ambazo hazionekani kwa kuisoma programu mstari mmoja mmoja. Kila mstari ni sahihi. Kila hesabu, ikifanywa peke yake, hutoa jibu la kweli. Programu hujaribiwa mara elfu, na mara elfu hufaulu. Kisha siku moja, bila ya mtu yeyote kubadilisha hata herufi, fedha hupotea katika akaunti, au mashine ya hospitali humpiga mgonjwa kwa mionzi mikali kuliko aliyoagiziwa na daktari. Kasoro ya namna hiyo haimo katika mstari wowote wa programu. Imo baina ya mistari, mahali ambapo kazi mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja hukutana juu ya kitu kimoja.

Makala haya yaeleza jinsi kompyuta inavyoendesha kazi nyingi kwa pamoja ndani ya programu moja, kwa nini jambo hilo huzaa makosa ya aina ya pekee, na ni wajibu wa nani kuyazuia makosa hayo.

Uzi wa utekelezaji

Programu ni orodha ya maagizo. Kompyuta hulichukua agizo la kwanza na kulitimiza, kisha la pili, kisha la tatu, kama shanga zinavyofuatana katika uzi. Mfululizo huo wa maagizo yanayotekelezwa moja baada ya jingine huitwa uzi wa utekelezaji, au uzi kwa kifupi. Programu rahisi ina uzi mmoja tu: likikwama agizo moja, kwa mfano kusubiri habari kutoka katika kompyuta ya mbali, programu nzima husimama.

Programu kubwa za leo zina nyuzi nyingi. Uzi mmoja hupokea anachoandika mtumiaji, wa pili huchora picha juu ya kioo, wa tatu husubiri habari kutoka mbali. Kompyuta ya benki au ya kampuni ya simu inayohudumia wateja wengi kwa pamoja aghalabu humpa kila mteja uzi wake, ili uvivu wa mmoja usiwacheleweshe wengine.

Nyuzi hizo zaweza kwenda kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya kupokezana. Prosesa, yaani sehemu ya kompyuta inayotimiza maagizo, huushughulikia uzi mmoja kwa muda wa milisekunde chache, huuacha ulipofikia, huuchukua wa pili, na baadaye huurudia ule wa kwanza. Kwa kuwa mwendo wake ni wa kasi mno, mtumiaji huona kana kwamba kazi zote zaendelea pamoja. Namna ya pili ni ya kwenda sambamba kwa kweli. Mwaka 2001 kampuni ya IBM ilitoa prosesa iliyoitwa POWER4, yenye viini viwili vya kutendea kazi ndani ya kipande kimoja. Ilipofika mwaka 2005, prosesa za namna hiyo zilikuwa zimeanza kuuzwa kwa ajili ya kompyuta za kawaida, kwani wahandisi walikuwa wameshindwa kuendelea kuongeza kasi ya kiini kimoja bila ya kukitia joto la kupindukia. Leo hata simu ya mkononi huwa na viini kadhaa, na programu yenye uzi mmoja hukitumia kimoja tu na kuviacha vingine vikae bure.

Kwa namna zote mbili, jambo moja lapaswa kukumbukwa: mwandishi wa programu hana uwezo wa kujua ni wakati gani hasa uzi mmoja utakatizwa na mwingine kuendelea. Mpangilio wa kupishana kwao hubadilika kila programu inapoendeshwa.

Kitu na mapatano yake

Katika miaka ya 1960, wataalamu wawili wa Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walibuni mjini Oslo lugha ya kompyuta iliyoitwa Simula. Toleo lake la mwaka 1967 ndilo lililoanzisha mtindo wa kuandika programu unaotegemea vitu. Kitu, kwa maana hii ya kitaalamu, ni mkusanyiko wa habari pamoja na shughuli zinazoruhusiwa kufanyika juu ya habari hizo. Akaunti ya benki ni mfano mwema. Habari zake ni jina la mwenyewe na salio. Shughuli zake ni kuweka, kutoa na kuuliza salio. Sehemu nyingine za programu hazilifikii salio moja kwa moja. Huiomba akaunti, nayo hutenda kwa niaba yao.

Faida ya mpango huo ni kwamba kila kitu huwa na mapatano yake, yaani kauli ambayo yapaswa kuwa kweli wakati wote. Mapatano ya akaunti ni kwamba salio halipungui chini ya sifuri, na kwamba salio ni sawa na jumla ya fedha zilizowekwa ukiondoa zilizotolewa. Kwa kuwa salio halifikiwi ila kwa kupitia shughuli za akaunti yenyewe, yatosha kuzichunguza shughuli hizo chache ili kuthibitisha kwamba mapatano hayavunjwi.

Hoja hiyo ni sahihi kabisa, alimradi uzi ni mmoja.

Hesabu iliyopotea

Chukulia kwamba chama cha ushirika kina akaunti yenye shilingi 100,000. Mweka hazina yuko Moshi na anatoa shilingi 30,000 kwa simu. Saa ileile katibu yuko Arusha na anatoa shilingi 50,000. Salio linalotakiwa kubaki ni shilingi 20,000. Kompyuta imempa kila mmoja uzi wake, na nyuzi zote mbili zinakiomba kitu kimoja, yaani akaunti ya chama, shughuli ya kutoa fedha.

Katika programu, shughuli hiyo ni mstari mmoja tu: salio jipya ni salio la zamani kutoa kiasi. Lakini kwa prosesa mstari huo ni hatua tatu: kulisoma salio kutoka katika kumbukumbu, kupiga hesabu, na kuliandika jibu katika kumbukumbu. Sasa tazama mfuatano huu:

1. Uzi wa mweka hazina wasoma salio: 100,000.
2. Uzi wa katibu wasoma salio: 100,000.
3. Uzi wa mweka hazina wapiga hesabu: 70,000.
4. Uzi wa katibu wapiga hesabu: 50,000.
5. Uzi wa mweka hazina waandika: 70,000.
6. Uzi wa katibu waandika: 50,000.

Fedha zilizotoka ni shilingi 80,000, lakini salio limebaki 50,000. Maandishi ya katibu yameyafuta maandishi ya mweka hazina, na shilingi 30,000 hazimo tena katika hesabu. Hakuna aliyeiba, wala hakuna uzi uliokosea. Kila uzi umefanya kazi yake barabara, ila umeifanya kwa kutegemea salio lililokwisha kupitwa na wakati.

Mwalimu wa hisabati ataona hapa swali zuri la mipangilio. Hatua tatu za uzi mmoja na hatua tatu za mwingine zaweza kupishana kwa njia 20 bila ya kuvuruga mfuatano wa ndani wa kila uzi. Kati ya njia hizo 20, ni 2 tu zinazotoa jibu sahihi, nazo ni zile ambazo uzi mmoja humaliza hatua zake zote ndipo mwingine aanze. Nyuzi zikiwa 3, njia ni 1,680, na zilizo sahihi ni 6. Hali hii, ambayo matokeo yake hutegemea ni uzi upi uliotangulia, wataalamu huiita mashindano.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa njia za makosa ni nyingi hivyo, mbona kasoro haionekani mapema? Ni kwa sababu njia hizo hazitokei kwa usawa. Prosesa yenye mwendo wa gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde, na hatua tatu za kutoa fedha humalizika katika sehemu ndogo mno ya sekunde. Ni nadra nyuzi mbili kukutana katika nafasi nyembamba kiasi hicho. Katika majaribio ya ofisini, ambapo mtu mmoja huiandama programu kwa utaratibu, zaweza zisikutane kamwe. Zitakutana siku ya kazi nyingi, wateja wanapokuwa maelfu, na mkaguzi atakaporudia yaleyale hataona kitu.

Funzo la mashine ya mionzi

Hatari ya mashindano ya nyuzi ilidhihirika kwa uchungu katika mashine iliyoitwa Therac-25, iliyotengenezwa Kanada kwa ajili ya kutibu saratani kwa mionzi. Kati ya mwaka 1985 na 1987, wagonjwa 6 katika Marekani na Kanada walipigwa mionzi ya kupindukia, na baadhi yao walifariki.

Mashine hiyo ilitibu kwa njia mbili: kwa miali ya elektroni, na kwa eksirei. Ili kupata eksirei, mkondo wa elektroni uliongezwa nguvu karibu mara 100, na kipande cha chuma kiliwekwa mbele yake kuupokea. Mapatano ya mashine, kwa hiyo, yalikuwa haya: nguvu kubwa isitoke kamwe bila ya chuma kuwepo mahali pake. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya umeme vya kuilinda hali hiyo. Katika Therac-25 kazi hiyo iliachiwa programu peke yake. Programu yenyewe iliandikwa kwa lugha ya asembla, wala haikuwa na vitu vya aina iliyoelezwa hapo juu. Lakini ilikuwa na kazi kadhaa zilizokwenda kwa kupokezana na kushirikiana sehemu zilezile za kumbukumbu bila ya ulinzi.

Mwezi wa Machi 1986, katika mji wa Tyler, jimbo la Texas, mwendeshaji wa mashine aliandika herufi ya eksirei kwa makosa. Alitambua, akarudi nyuma, akaandika herufi ya elektroni, na kuendelea. Alikuwa mzoefu na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Wakati huo kazi moja ya programu ilikuwa imekwisha kuchukua agizo la kwanza na kuanza kuzipanga sumaku za mashine, shughuli iliyochukua sekunde 8 hivi. Katika sekunde hizo haikutazama tena kama agizo limebadilika. Kazi nyingine iliyaona masahihisho, ikakiondoa chuma. Nguvu ikabaki ya eksirei, na kizuizi hakipo. Mgonjwa alipata kipimo karibu mara mia ya kile alichoandikiwa.

Wahandisi waliitwa kuipima mashine, wakashindwa kuirudia kasoro ile, na mashine ikarudishwa kazini. Mwezi wa Aprili mgonjwa wa pili alipatwa na yaleyale. Ndipo mtaalamu wa fizikia wa hospitali na mwendeshaji walipoketi kuandika na kufuta, kufuta na kuandika, hata wakagundua siri: kosa lilitokea pale tu masahihisho yalipofanywa kwa haraka. Waliojaribu polepole wasingeliona kamwe. Wagonjwa hao wawili wa Tyler walifariki mwaka huohuo.

Kufuli

Dawa ya mashindano ilikuwa imejulikana miaka ishirini kabla. Mwaka 1965 Edsger Dijkstra, mtaalamu wa Uholanzi, alitoa andiko fupi kuhusu namna ya kuhakikisha kwamba kazi nyingi zinazokwenda kwa pamoja haziingii katika sehemu ya hatari ila moja baada ya nyingine. Chombo alichokibuni alikiita semafo, kwa jina la mlingoti wa ishara za reli: ishara ikiwa ya kusimama, garimoshi la pili husubiri mpaka la kwanza litoke katika kipande kile cha njia.

Kwa lugha ya leo chombo hicho huelezwa kama kufuli. Kabla ya kuligusa salio, uzi hulichukua kufuli la akaunti. Ukimaliza, hulirudisha. Uzi mwingine ukifika na kukuta kufuli limechukuliwa, hungoja. Kwa njia hiyo zile hatua tatu huwa kama hatua moja isiyogawanyika, na kati ya njia 20 hubaki zile 2 zilizo sahihi.

Lakini kufuli lina masharti. Sharti la kwanza ni kwamba lichukuliwe kabla ya kusoma, wala si kabla ya kuandika tu. Chukulia kwamba akaunti ina shilingi 100,000. Mmoja anataka 70,000 na mwingine 60,000. Shughuli ya kuuliza salio ikifungwa peke yake, na shughuli ya kutoa ikafungwa peke yake, nyuzi zote mbili zaweza kuuliza kwanza na kuambiwa kwamba fedha zinatosha. Kisha kila mmoja hutoa kwa zamu yake, kwa adabu kabisa, na salio huwa pungufu ya sifuri. Kufuli lapaswa kulifunika jambo zima, tangu kuuliza hadi kuandika.

Sharti la pili ni kwamba watu wote walitumie. Mlango wa mbele ukifungwa na wa nyuma ukaachwa wazi, nyumba haina ulinzi.

Ni kwa sababu ya sharti hili la pili kwamba historia ya nyuzi na historia ya vitu zilikutana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Per Brinch Hansen, mzaliwa wa Denmark, na Tony Hoare, Mwingereza, waliitazama lugha ya Simula na kuona kwamba kitu chaweza kuwa bawabu wa mali yake mwenyewe. Badala ya kumtaka kila mwandishi akumbuke kufunga na kufungua, kitu kipewe kufuli ndani yake, na kila shughuli ya kitu hicho ilichukue kufuli hilo inapoanza na kulirudisha inapokwisha. Mpango huo waliuita monita. Hoare aliueleza katika makala ya mwaka 1974, na mwaka uliofuata Brinch Hansen alitoa lugha nzima iliyojengwa juu yake. Ndani ya monita hapana mlango wa nyuma: kompaila, yaani programu inayotafsiri lugha ya mwandishi kuwa ya mashine, hukataa kutafsiri programu inayogusa habari za kitu kutoka nje.

Pengo lililoachwa

Lugha ya Java, iliyotangazwa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems, iliueneza mpango huo duniani. Katika Java kila kitu huzaliwa na kufuli lake, na mwandishi aweza kuitia alama shughuli yoyote ili iwe inalichukua kufuli hilo kwanza. Hata hivyo ipo tofauti kubwa. Katika monita ulinzi ni kanuni. Katika Java ulinzi ni hiari. Mwandishi akisahau kuitia alama shughuli moja tu, au akiacha habari za kitu zionekane nje, kompaila haitasema neno. Mwaka 1999 Brinch Hansen aliandika makala makali ya kuishutumu Java kwa jambo hilo, akieleza kwamba lugha hiyo ilikuwa imelipuuza funzo la robo karne.

Kuna na jambo jingine lisilotazamiwa. Kila kiini cha prosesa huwa na hifadhi yake ndogo ya karibu, na kompaila huruhusiwa kubadilisha mpangilio wa maagizo ili kuongeza kasi, alimradi uzi wenyewe hautambui tofauti. Matokeo yake ni kwamba habari iliyoandikwa na uzi mmoja yaweza isionekane kwa uzi wa pili kwa wakati unaotazamiwa, au ionekane kwa mpangilio mwingine. Kanuni za Java kuhusu jambo hili zilirekebishwa mwaka 2004, nazo zasema hivi: yote yaliyoandikwa na uzi kabla ya kulirudisha kufuli yataonekana kwa uzi utakaolichukua kufuli lilelile baadaye. Kwa hiyo hata anayesoma tu huhitaji kufuli. Kusoma bila ya kufuli si akiba ya muda. Ni kukubali habari ambazo huenda si za kweli.

Mkwamo

Mwanafunzi aliyekwisha kuuona ubaya wa mashindano huenda akashawishika kufunga kila mahali. Njia hiyo nayo ina shimo lake. Chukulia kwamba uzi mmoja wahamisha fedha kutoka akaunti ya kwanza kwenda ya pili, na mwingine wahamisha kutoka ya pili kwenda ya kwanza. Wa kwanza umelishika kufuli la akaunti ya kwanza na unalingoja la pili. Wa pili umelishika la pili na unalingoja la kwanza. Hakuna atakayeachia, na hakuna atakayeendelea milele. Hali hii huitwa mkwamo. Yaweza kuzuiwa kwa kanuni nyepesi: makufuli yachukuliwe na wote kwa mpangilio mmoja, kwa mfano akaunti yenye namba ndogo ianze daima, bila ya kujali fedha zaelekea upande gani.

Aidha, kufuli hupunguza kasi. Mwaka 1967 Gene Amdahl alionyesha kwamba sehemu ya kazi isiyoweza kugawanywa ndiyo inayoweka kikomo. Ikiwa theluthi ya kazi yapaswa kufanywa na uzi mmoja baada ya mwingine, basi hata viini vikiwa elfu, kazi nzima haiwezi kwenda kasi zaidi ya mara 3.

Kwa sababu hizo, waandishi wenye busara hutafuta kwanza namna ya kutoshirikiana. Njia mojawapo ni kutumia vitu visivyobadilika. Kitu ambacho habari zake haziandikwi tena baada ya kuumbwa chaweza kusomwa na nyuzi elfu bila ya kufuli, kwani hakuna wa kukiharibu. Njia ya pili ni kukiacha kila kitu mikononi mwa uzi mmoja, na nyuzi nyingine zitume ujumbe badala ya kukigusa. Ndiyo njia ya lugha ya Erlang, iliyobuniwa katika kampuni ya Ericsson ya Sweden kwa ajili ya mitambo ya simu. Njia ya tatu ni kumrudishia kompaila ulinzi. Lugha ya Rust, ambayo toleo lake kamili la kwanza lilitoka mwaka 2015, hukataa programu ambayo nyuzi zake mbili zaweza kuigusa habari moja bila ya ulinzi huku mmojawapo akiandika. Kwa upande wa benki, na huduma za pesa kwa simu zilizoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hesabu za wateja hutunzwa katika hifadhidata zenye taratibu zake za kufunga. Lakini msingi wa taratibu hizo ni uleule.

Jaribio la darasani

Mashindano ya nyuzi yaweza kuonyeshwa hata katika shule isiyo na kompyuta. Mwalimu na aandike 0 ubaoni, na awaite wanafunzi wawili, kila mmoja akiwa na chaki yake. Kila mmoja apewe kazi ya kuongeza 1 mara kumi, kwa hatua hizi: aisome namba ubaoni, arudi kwenye dawati lake, ajumlishe 1 katika daftari, arudi ubaoni, afute na kuandika jibu lake bila ya kutazama kilichopo. Jibu linalotakiwa ni 20. Darasa litashangaa kuona jinsi lisivyopatikana, na jinsi linavyobadilika jaribio likirudiwa.

Kisha mwalimu aondoe chaki moja. Chaki iliyobaki ndiyo kufuli: anayetaka kuisoma namba sharti kwanza aishike chaki, na asiiweke mpaka awe amekwisha kuandika. Sasa jibu litakuwa 20 kila mara. Baada ya hapo ibadilishwe kanuni, kila mmoja asome apendavyo na aishike chaki wakati wa kuandika tu. Makosa yatarudi, na wanafunzi wataona kwa macho yao kwa nini kufuli lapaswa kutangulia kusoma.

Limebaki swali moja la kuwafikirisha. Katika jaribio la kwanza, namba ndogo kabisa inayoweza kubaki ubaoni ni ipi? Wengi hujibu 10. Jibu ni 2. Asha asoma 0. Juma afanya mizunguko yake 9. Ndipo Asha aandika 1, na Juma aisoma hiyo 1 kwa mzunguko wake wa mwisho. Asha amaliza mizunguko yake 9 iliyobaki na kufikisha 10. Kisha Juma aandika 2. Kazi 20 zimefanywa kwa uaminifu, na 18 zimepotea.

Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika programu yenye nyuzi nyingi hukaa, tena hukaa mamia kwa maelfu, alimradi zizi lina mlango mmoja na mlango huo una bawabu. Majaribio hayatoshi kuthibitisha kwamba bawabu yupo, kwa maana siku zote ambazo mafahali hawakukutana, zizi lisilo na bawabu hufanana na lenye bawabu. Hapana budi mwandishi akiendee kila kitu chenye kushirikiwa na kukiuliza maswali matatu kabla ya programu kutumika: mapatano yako ni yapi, ni shughuli zipi zinazoyagusa, na ni kufuli lipi linalozilinda zote. Anayeshindwa kuyajibu anamwachia jibu mtu mwingine, huenda mwendeshaji mwepesi wa vidole, huenda mgonjwa aliyelala mezani.